Kabla zege halijamwagwa, udongo wetu upimwe

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa wakazi hapa Mtwara mjini kuhusu bandari yetu na udongo tunaoishi juu yake, watu wengi waliniomba niyaandike ili na wale ambao hawakufika wayapate, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mtwara kuchele! Mtwara kuchele jamani!

Wazee wangu shikamooni, wakina mama poleni na majukumu, na nyie vijana wa bodaboda mliokubali kuacha abiria saa hizi ili mje kusikiliza habari za udongo, asanteni sana, nawaheshimu kwa hilo.

Niweke wazi kitu kimoja mapema ili kesho mtaani isisemwe vingine. Mimi bandari naitaka. Naitaka kabisa. Hii bandari Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga wa Nachingwea, ikaanza kazi 1954 wakati karanga zenyewe zimeshashindikana, reli iliyokuwa inashuka kutoka Nachingwea ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, na sisi watu wa kusini tukakaa miaka na miaka tunaangalia bahari yenye kina kizuri cha asili halafu meli hazipo. Leo tuna gati jipya la mita 300, makaa ya mawe ya Ruvuma yanashuka huku, korosho zetu serikali imeelekeza zipite hapahapa badala ya kusafirishwa na malori mpaka Dar, mafuta yanashushwa, salfa inashushwa, kijana anapata kibarua, mama anauza wali na samaki kwa madereva. Nani mwenye akili timamu atakataa hiyo?

Ninachokuja kuomba ni kwamba udongo upimwe. Upimwe kabla ujenzi haujaanza, upimwe wakati kazi inaendelea, upimwe ndani ya uzio na nje ya uzio huku tunakoishi sisi, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za mitaa kwa Kiswahili. Hilo tu. Mengine yote ntakayosema leo ni kueleza kwanini nang'ang'ania hilo.

Tukisema uchafuzi wa bandari, watu wengi mawazo yanaenda baharini moja kwa moja. Na ni haki, bahari ndo inatulisha. Ila mafuta yakimwagika baharini yanaonekana, watu wanapiga kelele, waandishi wanakuja. Udongo ukichafuka hamna anayejua, mchicha unaota vilevile, watoto wanacheza vilevile, na madini ya risasi yakishaingia kwenye udongo hayaozi, hayaishi, hayapungui kwa jua wala kwa mvua, yanamsubiri mjukuu.

Nianzie kwa kitu mnachokijua kuliko mimi, salfa ya unga. Kila mwenye mikorosho hapa anaifahamu, ile ya njano tunayopulizia kuzuia ubwiri unga. Inakuja kwa meli, inashushwa, inapangwa ghalani, inapakiwa kwenye malori kwenda Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa. Mfuko ukipasuka inamwagika, inafagiliwa inayofagilika na nyingine inabaki pale chini. Sasa mtu atakwambia salfa haina neno, na kweli ukiishika mkononi sio sumu kali. Shida inakuja ikikaa kwenye udongo wenye unyevu na hewa, maana kuna bakteria humo ndani wanaila, na wakishaila kinachotoka ni asidi ya salfurik, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. Haitokei kwa siku moja, ni wiki, ni miezi, mvua ya kwanza, mvua ya pili, na kipimo cha pH, kile cha kupimia asidi, kinashuka taratibu. Na mjue pH ikishuka namba moja tu, tuseme kutoka 6 kwenda 5, asidi imeongezeka mara kumi. Wataalam wa udongo walishaliandika hili kwa mashamba ya korosho ya hukuhuku kusini, kwamba salfa ya miaka mingi inauongezea udongo asidi, na hapo tunaongelea kiasi kidogo kinachopulizwa juu ya mti. Sembuse sehemu moja inayopokea meli nzima.

Alafu angalieni udongo wetu wenyewe. Mtwara na Lindi sehemu kubwa ni mchanga, mfinyanzi kidogo, mboji kidogo. Udongo wa mfinyanzi ukipewa uchafu unaushikilia, unauzuia usitembee, unaweza hata kuibeba asidi kwa muda bila kubadilika sana. Mchanga hauna huo uwezo, unachokimwaga juu kinashuka. Na asidi ikishazidi inaamsha vingine vilivyokuwa vimetulia, aluminiamu inafunguka inachoma ncha za mizizi, mmea unadumaa na wewe unadhani ni ukame, na zinki, kadimiamu, shaba, vyote hivyo vinaanza kusafiri na maji kwenda chini. Chini kuna nini? Kuna maji ya kisima. Hapa ndani najua wapo wanaotumia maji ya kisima kila siku, hata wenye bomba wanachota kisimani siku bomba likikata.

Kwahiyo salfa peke yake ni hoja tosha. Ghala la salfa linatakiwa sakafu ya zege isiyo na nyufa, paa lisilovuja, na mfereji wa kukusanya maji ya kuoshea yasiende mtaani. Sio mambo ya ajabu, ni mambo ya fundi wa kawaida.

Makaa ya mawe. Hapa nataka niwe mkweli kwasababu kuna watu wanatishana sana. Vumbi la makaa ya mawe kwenye udongo sio sawa na madini ya risasi, chembe zake zinakaa na vile vitu vyake ndani kwa nguvu, haziachii haraka. Ila ndani yake kuna kiasi kidogo cha aseniki, zebaki, risasi, inategemea yamechimbwa wapi, na kuna salfa pia. Rundo likinyeshewa, maji yanayotoka chini ni meusi na mara nyingine yana asidi, na yale maji yanatafuta njia ya kutokea. Vumbi nalo linafuata upepo, kusi likivuma miezi yake linaenda upande huu, kaskazi ikiingia linaenda upande ule, maana yake hamna mtaa uliosalama mwaka mzima na hamna mtaa unaobeba mzigo wote peke yake. Serikali yenyewe imeliona hili, ndo maana bandari mpya ya Kisiwa Mgao, hukuhuku Mtwara, imetengwa kwa ajili ya mizigo michafu kama makaa ya mawe na saruji ili ya mjini ibaki na mizigo safi. Ni uamuzi mzuri na mi naupongeza kwa moyo wote. Lakini ndugu zetu wa Kisiwa na Mgao nao wana mashamba, wana visima, wana watoto. Uchafu ukihamishwa kutoka Shangani hapa mjini kwenda Mgao bado ni uchafu, na wao wana bahati moja ambayo sisi wa mjini hatukuwa nayo, wao wanaweza kupimiwa kabla. Sisi bandari yetu ina miaka zaidi ya 70, ukipima leo ukakuta kitu utabishana mpaka uchoke kama ni cha jana au cha enzi za mkoloni.

Hapo ndo penye kiini cha maneno yangu. Mama mjamzito akienda kliniki siku ya kwanza anapimwa uzito, damu, presha, vinaandikwa kwenye kadi, na kila akirudi nesi anafungua ile kadi anaangalia palepale pa mwanzo. Bila kadi ya mwanzo nesi hawezi kukwambia kama presha imepanda au ndo ilivyokuwa siku zote. Udongo wa Kisiwa Mgao unahitaji kadi yake sasa hivi, kabla tingatinga halijaingia sawasawa.

Tuje kwenye mikoko, maana bandari yoyote ikijengwa au ikiongezwa kina, tope linachotwa. Wakina mama mnaochokoa tondo mnaijua harufu ya tope la mikoko, ile kama yai viza. Harufu ile ni salfa tena. Chini ya maji haina tabu, hewa haifiki, salfa na chuma vimekaa pamoja kwenye madini yanaitwa pairaiti, vinaweza kukaa hivo miaka elfu. Ukilichota lile tope ukaja kulirundika nchi kavu, jua likalipiga, hewa ikaingia, pairaiti inaanza kugeuka asidi, utaona madoa ya njano mpauko na rangi ya kutu, na utashangaa mbona hapa hata magugu hayaoti. Kuna nchi zimepoteza maeneo makubwa ya pwani kwa namna hii, kwa kuchimba tu bila kupima. Na juu ya asidi kuna chumvi, tope la bahari likimwagwa karibu na shamba la mihogo hiyo chumvi peke yake inatosha kulimaliza.

Tope la karibu na gati la zamani lina habari nyingine zaidi. Meli zilikuwa zinapakwa rangi chini ili chaza na majani ya bahari yasiote, na rangi za miaka ile zilikuwa na sumu inaitwa tributiltini, kali mno kwa viumbe wa baharini. Dunia ilikubaliana kuipiga marufuku na mkataba ukaanza kufanya kazi 2008, ila iliyokwisha kudondoka kwenye tope la bandari za zamani inaweza kukaa humo miaka mingi. Kwahiyo siku mkandarasi anakuja kuongeza kina, swali la kwanza la mwananchi liwe, hilo tope mnalipeleka wapi, na mmelipima? Sio kwa ugomvi. Anaulizwa tu, na anatakiwa awe na jibu la maandishi.

Mafuta ntayapitia haraka. Petroli na dizeli zikivuja kwenye tenki au bomba lililozikwa zinashuka kwenye mchanga mpaka zinafika maji. Petroli ina benzeni ambayo inasababisha kansa ya damu na inayeyuka kwenye maji kirahisi, unaweza usione chochote juu ya ardhi. Tenki la juu lizungushiwe ukuta wa kuzuia, la chini liwe na kipimo cha kuvuja, kwisha.

Kinachonisumbua zaidi kuliko matenki ni sisi wenyewe huku nje ya geti. Malori yanatoka Songea, Tunduru, Masasi, yanafika hapa yanasubiri zamu, na pale yanaposubiri panageuka gereji. Oili chafu inamwagwa chini, chujio linatupwa, betri imekufa fundi anaipasua, asidi inamwagwa kwenye mchanga na lile bati la ndani, ambalo ndo madini ya risasi yenyewe, linauzwa kwa wa chuma chakavu. Kesho pembeni yake kuna mama anakaanga chapati na mtoto wake wa miaka miwili amekaa chini anachezea mchanga. Mtoto wa umri huo kila anachoshika kinaenda mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hamna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto kinachoguswa ni ubongo, anakuwa mzito darasani, hawezi kutulia, na mwalimu anamchapa kwa kosa ambalo sio lake. Na dada zangu mlio wajawazito, mnaopenda udongo, sitawasema vibaya, hamu ni hamu, ila ulizeni huo udongo umechimbwa wapi, na usiokote wa jirani na gereji au barabara ya malori, maana risasi inapita kwa mama inaenda kwa mtoto tumboni.

Sasa niwape mifano miwili ya kweli msije mkasema nawatisha.

Kuna mji mdogo wa pwani Australia unaitwa Esperance, una bandari, watu wake ni wachache kuliko sisi. Mwishoni mwa 2006 kuingia 2007 ndege walianza kudondoka, sio mmoja sio wawili, ni maelfu. Watu hawakuelewa. Wakachunguza wakakuta ni madini ya risasi. Kulikuwa na mgodi unaleta kaboneti ya risasi kwa treni mpaka bandarini, inapakiwa melini ikiwa unga, na vumbi lilikuwa linatoka wakati wa kupakua na kupakia, upepo unalibeba mpaka mjini. Kule watu wanakinga maji ya mvua kutoka juu ya bati wanaweka kwenye matangi wanakunywa, kama ambavyo wengi wetu tunafanya masika, na baadhi ya yale matangi yakakutwa na risasi. Machi 2007 upakiaji ukasimamishwa, kamati ya bunge la jimbo ikafanya uchunguzi, halafu ikaja kazi ya kusafisha, nyumba kwa nyumba, mapaa, dari, matangi, udongo wa bustani, kazi ya miaka. Hiyo ni nchi tajiri, ina maabara, ina wataalam, ina sheria, na bado walioleta taarifa ya kwanza ni ndege waliokufa. Kwanini? Kwasababu macho yalikuwa kwenye tani zinazopakiwa, hamna aliyekuwa anaangalia kinachotua kwenye mabati na bustani za watu.

Mfano wa pili ni wa jirani kabisa, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Hapo haikuwa bandari, ilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ukutani kwa nyumba za watu. Kikafungwa 2014 wakati udongo na damu za watoto zimeshaingia risasi. Wananchi wakaenda mahakamani, 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikaja ikawavuruga, mpaka Desemba 2024 ndo Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Ona hiyo miaka yote. Na kilichowabeba sio kelele, ni karatasi za vipimo, vya damu na vya udongo. Watu waliokuwa na maumivu tu bila karatasi wangerudishwa nyumbani.

Kwetu sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, iko kifungu cha 4, na inampa mwananchi uwezo wa kwenda mahakamani kuitetea. Inasema anayechafua ndo anayelipa. Kuna kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, zipo, zimeandikwa, ni vile tu huku mtaani hamna anayezitaja. Na mradi mkubwa kama bandari lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na wananchi washirikishwe, NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ndo wanaosimamia. Mkiitwa kwenye ile mikutano ya ushirikishwaji msiende kusaini mahudhurio na kunywa soda tu, simameni muulize udongo umepimwa sehemu ngapi na majibu yako wapi.

Upimaji wenyewe ninaoutaka uwe hivi. Sampuli zichukuliwe tabaka la juu kabisa, kwasababu vumbi linatua juu, na zichukuliwe pia chini zaidi kwa ajili ya mafuta na kwa ajili ya kujua asidi imefika wapi. Zichukuliwe upande kusi linakopeleka vumbi na upande kaskazi inakopeleka, kwenye viwanja vya shule, kwenye bustani za mchicha, pembeni ya visima, kwenye maegesho ya malori, na sehemu moja mbali kabisa na bandari ili tuwe na cha kulinganishia. Kila sampuli igawanywe nusu mbili, nusu iende maabara, Mkemia Mkuu wa Serikali ana uwezo huo, na nusu ifungwe, isainiwe na pande zote, itunzwe, ili siku kukiwa na ubishi ifunguliwe mbele ya watu. Huu utaratibu wa kugawa sampuli ni muhimu kuliko mnavyofikiri, ndo unaozuia kila upande kuja na majibu yake. Na kwa habari ya salfa na pH ya mashamba, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ni hapo tu, wataalam wa korosho wamekaa na hii mikorosho maisha yao yote, waombwe waje.

Mtu ameniuliza kabla ya mkutano, mzee huoni kwamba ukidai vipimo utawakimbiza wawekezaji? Hapana. Mwekezaji aliye safi kipimo kinamlinda, maana akikuta udongo umeshachafuka kabla yake ana karatasi ya kuonyesha sio yeye. Anayekimbia kipimo aende, sisi kina cha bahari hatujapewa na yeye.

Kwa upande wetu kuna vitu havisubiri NEMC wala mkandarasi. Mafundi, oili chafu iwekwe kwenye pipa, wapo wanaoinunua. Betri isipasuliwe mtaani, iuzwe nzima. Wamama wa chakula wasogee mbali na pale yanapotengenezewa malori, na halmashauri iwape eneo, sio kuwafukuza. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, mchicha uoshwe kwa maji mengi, maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaachwe yapite yasikingwe, maana ndo yanayoosha vumbi lote la bati.

Barua ya maombi iko hapa mezani kwa katibu, inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala NEMC na nakala bandari, imeandikwa kwa heshima na inaomba vitu vitatu: kupimwa, kugawana sampuli, kubandika majibu. Atakayesaini asaini kwa jina na mtaa wake. Wenyeviti wa mitaa inayopakana na uzio naomba mbaki kidogo baada ya mkutano tuorodheshe visima vyote vinavyotumika, kila kisima na mwenye nacho, na nyie vijana wa bodaboda mnaojua maegesho yote ya malori mpaka yale ya vichochoroni mkae na sisi pia, hiyo orodha bila nyie haitakamilika.